Kifafa na kifo cha usingizini: maswali ambayo familia huogopa kuuliza

Jioni amekula na wenzake, akaingia kulala. Asubuhi anakutwa kifudifudi, mwili umeshapoa, shuka zimevurugika, pengine ulimi una alama ya meno na godoro limelowa mkojo. Hakuna jeraha wala dalili ya sumu. Nyumba inabaki na neno moja la kueleza kilichotokea: kifafa kimemchukua. Wengine watasema karogwa. Maziko hayangoji, na uchunguzi wa maiti familia nyingi hazitaki hata kuusikia, kwa hiyo habari inaishia kaburini. Kumbe kifo cha namna hii kina jina, na katika miaka 30 hivi iliyopita utafiti umefichua mengi kukihusu. Majibu yanayofuata yanashikilia hoja moja: kifo hiki huja ghafla machoni pa wafiwa, lakini mara nyingi kina njia kinayopitia, na njia hiyo hupita kwenye mambo mawili yanayoweza kurekebishwa. La kwanza ni mashambulizi makubwa yaliyoachwa bila kudhibitiwa. La pili ni upweke wa usiku.

Ni kifo gani hasa kinachozungumziwa hapa?

Mwenye kifafa anaweza kufa kwa njia nyingi. Anaweza kutumbukia kisimani akiteka maji, kuangukia moto wa jikoni, kugongwa barabarani, au kushikwa na shambulio lisilokatika mpaka ubongo na mwili vikashindwa. Vifo hivyo vinaeleweka. Kile ambacho wataalamu wamekifupisha kuwa SUDEP ni kinachobaki baada ya hivyo vyote kuondolewa: mwenye kifafa amekufa ghafla, hakuzama, hakuumia, hakuwa katika shambulio lililodumu nusu saa au zaidi, na uchunguzi wa maiti haukuona sumu wala kasoro ya kiungo inayotosha kumuua. Huenda alianguka dakika chache kabla, na huenda hakuna aliyeshuhudia. Tafsiri hiyo ilipendekezwa na daktari Lina Nashef wa Uingereza mwaka 1997, ikaboreshwa mwaka 2012.

Mpaka wake si mnyoofu. Mwanariadha wa Marekani Florence Griffith-Joyner, ambaye rekodi zake za mita 100 na 200 za mwaka 1988 zilidumu kwa zaidi ya miaka 30, alifariki usingizini Septemba 1998 akiwa na umri wa miaka 38. Wachunguzi waliona kwamba alishikwa na shambulio la kifafa, akakosa hewa kitandani. Kwa kuwa sababu ilijulikana, mtaalamu mkali wa tafsiri hatakiita kifo hiki SUDEP. Kwa anayetafuta namna ya kuzuia, tofauti hiyo ni ndogo mno: ni usiku uleule na pumzi ileile iliyokatika.

Kuhusu ukubwa wake, mwongozo wa madaktari wa mishipa ya fahamu wa Marekani wa mwaka 2017 unakadiria kifo 1 kwa mwaka katika kila watu wazima 1,000 wenye kifafa, na 1 katika kila watoto 4,500. Takwimu za baadaye kutoka Kanada na Uswidi zimeonyesha kwamba hatari ya watoto inakaribiana na ya watu wazima, kwa hiyo mzazi asitulie sana kwa ile namba ya pili.

Ni nini kinachotokea mwilini katika dakika hizo za mwisho?

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa la kubahatisha, maana kifo kisicho na shahidi hakina msimulizi. Wapo walioshuku moyo, wapo walioshuku mapafu, na wapo waliolaumu dawa. Mwaka 2013 Philippe Ryvlin na wenzake walichapisha matokeo yaliyobadilisha mjadala. Walikusanya kumbukumbu za hospitali ambazo wagonjwa hulazwa humo wakiwa wamefungwa mashine ya kupima umeme wa ubongo huku kamera zikiwatazama mchana na usiku. Katika kumbukumbu hizo walipata vifo 16 vya aina hii, na 14 kati yake vilitokea usiku. Vifo 10 vilikuwa na rekodi ya moyo na pumzi, na rekodi hizo zilisimulia kisa kimoja. Mgonjwa alipata shambulio kubwa, lile la mwili mzima kukakamaa kisha kutukutika. Shambulio likaisha lenyewe. Akaanza kupumua kwa kasi. Ndani ya dakika 3 pumzi na mapigo ya moyo vikaanza kulegea pamoja. Wengine walikata pumzi hapohapo, wengine walirudiwa na pumzi dhaifu kwa muda mfupi, kisha ikakoma kabisa kabla dakika 11 hazijapita tangu shambulio lilipoisha. Moyo ulisimama baada ya pumzi.

Mpangilio huo ni muhimu kuliko unavyoonekana. Shambulio kubwa ni dhoruba ya umeme kwenye ubongo, na dhoruba ikishapita ubongo haurudi mara moja kwenye kazi yake. Kwa muda fulani huwa kama umezimwa. Kwa wengi hali hiyo hupita, na ndiyo ule usingizi mzito tunaouona baada ya mtu kuanguka. Kwa wachache, kuzimwa huko hufika hadi shina la ubongo, mahali panapoamuru kifua kipande na kushuka. Hapo ndipo mkao wa kulala unapoingia. Mtu mzima wa afya akifunikwa uso na mto, hewa chafu huongezeka kwenye damu, shina la ubongo huhisi, kemikali kama serotonini humwamsha, naye hugeuza kichwa bila hata kukumbuka asubuhi. Aliyetoka kwenye shambulio kubwa amepoteza kengele hiyo. Akiwa kifudifudi, hakuna kinachomwambia ageuke. Ndiyo maana wengi wa waliokufa kifo hiki hukutwa wamelalia tumbo.

Haina maana kwamba moyo hauna hatia kabisa. Kuna wagonjwa wachache wenye kasoro za kurithi zinazogusa ubongo na moyo kwa pamoja, na kuna vifafa vikali vya utotoni, kama kile kiitwacho Dravet, ambavyo hatari yake ni kubwa kupita kawaida. Lakini anayetaka kujua wapi pa kuweka nguvu aanze na pumzi, kwa sababu mtu aliye karibu anaweza kuisaidia.

Je, kila mwenye kifafa yumo katika hatari hiyo kwa kiwango kimoja?

La, na tofauti ni kubwa ajabu. Utafiti uliofanywa Uswidi na Olafur Sveinsson na wenzake, uliochapishwa mwaka 2020, ulilinganisha watu 255 waliokufa kifo hiki na wagonjwa wa kifafa 1,148 waliokuwa hai. Aliyepata shambulio kubwa hata moja katika mwaka uliotangulia alikuwa na hatari mara 27 ya asiyepata. Aliyeishi peke yake alikuwa na hatari mara 5. Mambo hayo mawili yalipokutana kwa mtu mmoja, yaani anapata mashambulizi makubwa na analala peke yake, hatari ilipanda hadi mara 67. Na waliokuwa na mashambulizi madogo tu, kama kuduwaa kwa muda au mkono mmoja kucheza, hatari yao haikuonekana kuongezeka.

Swali la "ana kifafa au hana" halitoshi, basi. Maswali ya kweli ni: ameanguka mara ngapi mwaka huu kwa mwili mzima, inatokea usiku, na nani yuko chumbani? Kijana ambaye dawa zimemshika na ana miaka miwili hajaanguka hana sababu ya kulala kwa hofu. Yule anayeanguka mara tatu au zaidi kwa mwaka, na nyumbani wamekwisha kuzoea, ndiye anayepaswa kutuamsha. Neno "amezoea" limefanya madhara makubwa. Familia huzoea. Ubongo unaoanguka kila mwezi hauna mazoea ya namna hiyo, na kila shambulio kubwa ni hatari mpya.

Takwimu hizo ni za Ulaya. Zinatuhusu nini sisi?

Hoja hii ina uzito, maana Uswidi ina daftari la vifo lenye kueleza sababu na uchunguzi wa maiti ni jambo la kawaida. Huku kwetu kilichofanyika ni kuhoji ndugu wa marehemu baada ya mazishi. Hata hivyo Afrika Mashariki ina ushahidi wake, na ni mzito. Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walifuatilia watu wenye kifafa cha kutukutika na kuchapisha matokeo mwaka 2014: walikuwa wakifa kwa kiwango cha mara 6.5 ya majirani wa umri wao. Zaidi ya nusu ya vifo, asilimia 56, vilitokana na kifafa chenyewe. Asilimia 38 vilihusishwa na mashambulizi yaliyorefuka, na asilimia 7 nyingine vilielekea kuwa kifo cha ghafla tunachokijadili. Watafiti wenyewe walikiri kwamba baadhi ya vile 38 huenda navyo vilikuwa vya aina hii, kwa kuwa mtu akikutwa amekufa asubuhi hakuna wa kusema shambulio lilidumu dakika 2 au 40. Na jambo moja lilijitokeza waziwazi: wasiomeza dawa walikufa kwa kiwango cha zaidi ya mara 3 ya waliozimeza.

Nyuma zaidi, huko Mahenge, kusini mwa Morogoro, Louise Jilek-Aall, daktari mwenye asili ya Norway, alifungua kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Yeye na Henry Rwiza waliporudi kuhesabu wagonjwa 164 baada ya miaka 30, walikuta 110 wamekufa, na zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilihusu kifafa: kuzama, kuungua, kushikwa na shambulio lisilokatika, au kufa wakati wa shambulio na mara baada yake.

Kwa maoni yangu ile namba ya upweke ya Uswidi inatuhusu sisi zaidi kuliko Waswidi. Kule mtu huishi peke yake kwa sababu amepanga nyumba yake. Huku upweke wa mwenye kifafa mara nyingi umepangwa na wengine: hutengewa chumba cha uani, mkeka wake, sahani yake, kikombe chake, hufukuzwa bweni la shule, mume au mke huondoka. Unyanyapaa huzungumzwa kama jambo la kuumiza moyo, na kweli unaumiza. Lakini ukiuweka kando ya rekodi za Ryvlin na hesabu za Uswidi, unaona kitu kingine: kumtenga mgonjwa ni kumwondolea mtu wa pekee ambaye angemgeuza ubavu.

Si kweli kwamba dawa zenyewe ndizo zinazoua?

Shaka hii inatokana na jambo lililoonekana kwa macho: waliokufa walikuwa wakitumia dawa. Walikuwa wakizitumia kwa sababu kifafa chao kilikuwa kikali, na wengi walikuwa wakizikatiza. Njia safi ya kutenganisha mambo hayo ni majaribio ambayo kundi moja huongezewa dawa yenye nguvu na jingine huongezewa kidonge kisicho na kitu. Mwaka 2011 yalikusanywa majaribio 112 ya namna hiyo yaliyohusu watu ambao kifafa chao kilikuwa hakijashikika. Vifo vya ghafla katika kundi lililopewa dawa halisi vilikuwa pungufu kwa zaidi ya mara 7.

Hilo halifuti malalamiko ya kweli. Fenobabitoni husinzisha na huweza kumfanya mtoto awe mzito darasani. Fenitoini huvimbisha ufizi. Valproeti ina hatari kwa mimba, na mwanamke wa umri wa kuzaa anastahili kuelezwa mapema na kupewa dawa nyingine inapowezekana. Jibu la malalamiko hayo ni kurudi kliniki dawa ibadilishwe taratibu. Kuiacha ghafla ndilo jambo la hatari kuliko yote, kwa sababu ubongo uliozoea kizuizi huachiwa mara moja, na mashambulizi hurudi kwa kishindo. Hapa lawama si ya mgonjwa peke yake. Zahanati inapomwambia mama "dawa zimeisha, rudi mwezi ujao", imekatiza dawa kwa niaba yake. Kilifi, mwaka 2012, zaidi ya watu 6 katika kila 10 wenye kifafa cha kutukutika hawakuwa kwenye matibabu, na kati ya sababu zilizotajwa ni umbali wa hospitali na kulipia dawa. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipimwa na kutibiwa vizuri, na kwamba dawa ya bei nafuu inaweza kugharimu dola 5 za Marekani kwa mwaka mzima. Serikali inayoshindwa kuweka dawa ya bei hiyo kwenye rafu ya zahanati haiwezi kuita vifo hivi bahati mbaya.

Mtu akianguka, tumsaidieje? Na kumgusa hakuambukizi?

Kifafa hakiambukizi. Hakimo kwenye povu la mdomoni, mate, mkojo wala upepo unaomtoka mgonjwa. Imani kwamba kimo humo ndiyo inayowafanya watu wasimame mbali kwa duara mpaka "kiishe", na sasa tunajua kwamba hatari kubwa huanza pale kinapoisha. Mtu anapotukutika, ondoa vitu vya kumuumiza, weka kitu laini chini ya kichwa, tazama saa. Usimtie kijiko mdomoni, usimbane viungo, usimfukize moshi. Mara mtukutiko unapokoma, mlaze ubavu, uso ukielekea chini kidogo ili mate yatoke, pua na mdomo viwe wazi. Kisha kaa naye. Mwite jina, mguse, sikiliza pumzi mpaka azinduke na kuzungumza. Zile dakika 11 za rekodi za hospitali ndizo dakika ambazo wengi wetu huwa tumeshaondoka tukisema "mwacheni apumzike". Shambulio likizidi dakika 5, likijirudia kabla hajazinduka, au pumzi isiporudi, mpelekeni hospitali mara moja. Na pumzi ikikoma, anayejua kukandamiza kifua na kupulizia pumzi aanze bila kungoja gari.

Mtu mzima alindwe usiku kama mtoto?

Hili ni pingamizi la heshima, na halipaswi kupuuzwa. Kijana wa miaka 25 ana haki ya faragha, na maisha yaliyojaa ulinzi si maisha. Lakini ushahidi hautaki askari mlangoni. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2005, uliolinganisha vifo 154 na wagonjwa hai 616, ulikuta kwamba kulala chumba kimoja na mtu anayeweza kusaidia kulipunguza hatari hadi chini ya nusu, na hatua za ziada kama kumchungulia mara kwa mara au kuweka chombo cha kusikilizia sauti zilihusishwa na hatari ndogo zaidi. Zipo saa za mkononi zinazopiga kengele mwili ukitukutika, ila bei yake iko mbali na wengi, na kengele haina faida kama hakuna wa kuisikia. Nyumba zetu nyingi tayari zina kinachohitajika: ndugu wa kulala chumba kimoja, ukuta mwembamba, mlango usiofungwa kwa komeo. Mgonjwa mwenyewe achague nani. Na kama hataki mtu yeyote, huo ni uamuzi wake, mradi aufanye akiwa anajua.

Kwa nini kumtia mtu hofu kwa jambo ambalo ni amri ya Mungu?

Madaktari wengi hunyamaza kwa huruma, wakidhani habari hii itamvunja mgonjwa. Mwongozo wa Marekani nilioutaja unawaelekeza waseme. Ninaona uko sahihi, kwa sababu hofu tayari ipo ndani ya nyumba. Kinachokosekana ni maelezo ya namna ya kuitumia. Mama aliyeambiwa kwamba kidonge cha jioni kinalinda pumzi ya usiku hukitazama kidonge hicho kwa jicho jingine kabisa kuliko aliyeambiwa "meza hizi". Habari itolewe kwa kipimo, pamoja na hesabu yake ya kweli: kwa mtu mzima, wagonjwa 999 kati ya 1,000 hawatakufa hivi mwaka huu. Ama kuhusu amri ya Mungu, anayeiamini kwa dhati bado hufunika kisima chake na huchemsha maji ya kunywa ya mtoto. Hakuna dini kati ya zetu inayomtaka muumini aache mdomo wa mgonjwa kwenye mto.

Ikiwa nyumbani kwako yupo anayeanguka kwa mwili mzima, nenda naye kliniki ukiwa umeandika tarehe za kuanguka kwake, usiku na mchana, na umuulize mhudumu kwa maneno ya wazi: hatari yake ya kifo cha ghafla ni kiasi gani, na dawa ipi itaipunguza? Usikubali kuondoka na jibu la "ndiyo kifafa kilivyo". Na usiku wa leo, kabla hujarudi huko kliniki, mhamishie kitanda chake karibu na mtu.